Habib Swaleh wa Lamu

Sayyid Swaleh bin Alawy bin Abdallah Jamalilleyl, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Singani katika kisiwa cha Ngazija, katika ukoo wa Masharifu. Alikuja Lamu angali kijana, akakaa na jamaa zake, akasoma kwa maulamaa wa mji, na juu ya ilimu ya dini akajifunza utabibu, hata wagonjwa wakawa wakimwendea.

Zama zile ilimu ya Lamu ilikuwa na mlango na bawabu wake. Waungwana wa Mkomani, wenye majumba ya mawe, walisomeshana wao kwa wao. Mtumwa, mzalia, na hata Mshihiri maskini aliyeshuka juzi katika jahazi, alipewa kidogo au hakupewa kitu.

Sayyid Swaleh hakuiridhia hali hiyo. Alikwenda kukaa upande wa Langoni, penye vibanda vya udongo na makuti, akamsomesha kila aliyemjia, wala hakumuuliza nasaba yake. Jambo hili lilikuwa zito kuliko lionekanavyo leo. Hukumu ya utumwa katika pwani ya Kenya haikuondolewa na sheria mpaka mwaka 1907, naye alikuwa amekwisha kuanza darasa zake miaka mingi kabla ya hapo. Na mtu aliyekwisha kuijua Kurani na fikihi ni vigumu kumrudisha nyuma ya safu.

Wakubwa walichukia. Wako walioona kuwa anaivunja heshima ya mji. Wengine walishika hoja ya matari, kwani alikuwa akisoma msikitini, kwa kupiga matari, maulidi ya Simtu Durar yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshy wa Seiyun, Hadhramaut. Hoja hii ni ya kielimu, nayo ina wanavyuoni wake. Lakini yadhihirika kuwa wengi walikereka kwa waliokaa pale kuliko kwa kilichopigwa. Yeye hakugombana na mtu, aliendelea kusomesha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama huko Langoni Msikiti wa Riyadha, na darasa zake. Waliohitimu humo walitawanyika Kenya, Uganda na Tanganyika, wakawa waalimu.

Alifariki mwaka 1935, akazikwa Lamu. Kila Mfungo Sita watu huja kutoka miji ya pwani na visiwani kuzuru kaburi lake, na zefe inapoelekea Riyadha hupigwa matari yale yale.