Elisabeth wa Ubelgiji, malkia ambaye mfuko wake uliwahesabu wagonjwa kijiji kwa kijiji

Kabla ya kuitwa Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga uliitwa Élisabethville. Jina hilo ulipewa mwaka wa 1910, kwa heshima ya malkia mpya wa Ubelgiji. Lakini mbali na Katanga, upande wa magharibi wa nchi, jina la Elisabeth lilifika vijijini pamoja na waganga, darubini na sindano.

Elisabeth alizaliwa Possenhofen, Bavaria, tarehe 25 Julai 1876. Baba yake, Karl Theodor, mtu wa ukoo wa kifalme, alisomea udaktari wa macho na kutibu maskini bila malipo. Binti aliolewa na Albert mwaka wa 1900. Vita vya 1914 vilipoanza, nchi aliyozaliwa iliivamia nchi aliyoolewa. Alibaki De Panne, kwenye kipande cha Ubelgiji ambacho Wajerumani hawakukiteka, akitembelea majeruhi katika hospitali ya daktari Antoine Depage.

Mwaka wa 1928 yeye na mfalme walitembelea Congo. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1930, ukaundwa mfuko wenye jina lake wa kusaidia matibabu ya wenyeji, uliojulikana kama FOREAMI. Malkia alitoa jina lake na uzito wake. Pesa zilitoka serikali ya Ubelgiji na hazina ya koloni, yaani hazina iliyojazwa pia na kodi na jasho la Wakongomani. Jambo hilo halikusemwa sana wakati wa kushukuru.

Hata hivyo, kazi yenyewe ilikuwa na mpango mzuri. Badala ya kutawanya pesa nchi nzima, mfuko ulichagua eneo moja, ukaanza na Bas-Congo, leo Kongo Central, kisha ukaenda Kwango. Timu zilipita kijiji kwa kijiji, zikaandika watu majina, zikapapasa tezi za shingo na kupima damu ili kutafuta ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o. Mgonjwa hakungojewa hospitalini, alifuatwa kwake. Ni huko Kwango ambako mkuu wa mfuko, daktari Giovanni Trolli, alieleza mwaka wa 1938 ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, ambao leo tunajua unahusiana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha.

Wanakijiji hawakuulizwa kama wanataka. Katika koloni, mtu wa sehemu zenye ugonjwa wa usingizi aliweza kudaiwa karatasi ya mganga kabla ya kusafiri. Dawa za wakati huo, atoxyl na tryparsamide, ziliokoa wengi, lakini ziliweza pia kumpofusha mgonjwa. Binti wa daktari wa macho alikuwa ametoa jina lake kwa kazi ya namna hiyo.

Ugonjwa ulipungua sana kufikia miaka ya 1950. Lakini nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1960, hakukuwa na Mkongomani aliyefundishwa humo udaktari kamili. Kulikuwa na wauguzi na wasaidizi wa waganga tu. Timu za kupima ziliendelea kutegemea pesa za nje. Ubelgiji iliposimamisha msaada wake mwaka wa 1990, nyingi zilikwama, na mwaka wa 1998 wagonjwa wapya zaidi ya 25,000 waliandikishwa nchini.

Elisabeth hakuona hayo. Baada ya Albert kufa milimani mwaka wa 1934, aliendelea na muziki, na wakati wa vita vya pili alitetea Wayahudi wa Ubelgiji. Alikufa Brussels tarehe 23 Novemba 1965, akiwa na miaka 89. Usiku wa kesho yake Mobutu alichukua madaraka Léopoldville, na mwaka uliofuata Élisabethville ikaitwa Lubumbashi.