Mwana Kupona alivyomrithisha bintiye adabu na kalamu

MWANA Kupona binti Msham, malenga wa kisiwani Pate, alikuwa akiugua mwaka 1858 alipoamua kumtungia bintiye wasia.

Mumewe, Sheikh Mataka bin Mbaraka, mtawala wa Siu, alikuwa amefariki miaka miwili tu awali. Huyo ndiye Bwana Mataka aliyempinga Sayyid Said wa Zanzibar, na ambaye watu wake waliyarudisha nyuma majeshi ya Sultani katika miaka ya 1840. Binti yao, Mwana Hashima, alikuwa na umri wa miaka 17 hivi. Baba hayuko, na mama mwenyewe yu kitandani.

Katika utenzi huo wa beti 102, binti ndiye anayeitwa aje na wino na karatasi. Jambo hili si dogo. Kabla ya kufunzwa lolote kuhusu mume, msichana anatazamiwa kuijua kalamu.

Mafunzo yenyewe yanaanzia kwenye dini, kisha adabu ya ulimi, ndipo yafike nyumbani: mume akilala asishtuliwe, apepewe, anyolewe apendeze, na mke asitoke bila idhini yake. Anamwonya pia asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Hapo mama alimrithisha mwanawe, pamoja na hekima, majivuno ya tabaka lao.

Hata hivyo, Mwana Kupona hakuamrisha tu. Alimweleza bintiye jinsi yeye na baba yake walivyoishi kwa furaha bila ugomvi, hadi mume akafa akiwa radhi naye. Alijitoa mwenyewe kuwa kielelezo, na pengine ndiyo sababu maneno yake yalishika.

Wahakiki wa baadaye wamevutana. Wapo wanaoona utenzi huo ni mnyororo wa utiifu kwa mwanamke, na wengine wanasoma ndani yake werevu wa mke anayejua kumtawala mume bila kelele. Mjane wa Bwana Mataka, aliyekaa karibu na siasa za Siu miaka mingi, hakosi kustahili usomaji huo wa pili.

Alifariki miaka michache baadaye. Wanawake wa Lamu na visiwa jirani waliendelea kuuhifadhi utenzi wake, na mtaalamu Alice Werner, aliyeuchapisha mwaka 1917, alipozuru Lamu mwanzoni mwa karne ya 20 alimkuta Mwana Hashima angali hai, ajuza aliyeufahamu vyema ushairi wa mamake.