Dakt. Burkitt: Mpelelezi wa Maradhi Mwenye Jicho Moja

Askari wa usalama barabarani asimamapo katika njia panda ya Sonatubes, jijini Kigali, huenda asikumbuke kuwa jiji hilo la vilima liko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hayati Dakt. Denis Burkitt, kimo cha nchi kilikuwa ushahidi, kama unyayo ulivyo ushahidi kwa mpelelezi. Maisha yake yanamfundisha mwanafunzi wa udaktari namna ya kufikiri mbele ya mgonjwa.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akageukia udaktari. Alipoomba kazi ya uganga katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Mwaka 1941 alipokewa katika kikosi cha matibabu cha jeshi la Uingereza, na vita vikamleta Afrika ya Mashariki. Mwaka 1946 alianza kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago, Kampala, hospitali wanamojifunzia wanafunzi wa Makerere.

Mwaka 1957, Dakt. Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba mataya pande zote nne. Mwanafunzi aonapo taya lililovimba hufikiria usaha au saratani. Lakini usaha kwa kawaida huanzia mahali pamoja, na saratani vilevile haitazamiwi kuota pande nne kwa wakati mmoja. Dalili zilikataa majibu yote mawili. Burkitt naye hakulazimisha jibu. Aliliweka swali moyoni.

Baada ya majuma machache, akiwa Jinja, aliona kupitia dirishani mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia. Mgonjwa mmoja aweza kuwa kioja. Wagonjwa wawili humlazimu tabibu kuuliza. Alirudi Mulago, akafukua kumbukumbu za wagonjwa, akatambua kwamba vivimbe vya taya na vya tumbo vilivyokuwa vikiandikwa kwa majina mbalimbali vilikuwa maradhi mamoja. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1958.

Likabaki swali: kwa nini huku na si kule? Alipeleka barua na picha katika hospitali nyingi. Mwezi Oktoba 1961, yeye na madaktari Edward Williams na Clifford Nelson waliondoka Kampala kwa gari, wakafika Afrika ya Kusini na kurudi. Walikwenda maili 10,000 kwa majuma kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ikasema: maradhi hayo yako penye joto na mvua, karibu na ikweta, nchi iliyopita futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, ilikuwa karibu haina wagonjwa. Basi mbu akashukiwa.

Burkitt alidhani mbu hubeba virusi vya saratani hiyo. Anthony Epstein, aliyemsikiliza London mwaka 1961, aligundua virusi pamoja na wenzake mwaka 1964. Lakini ilidhihirika kuwa virusi hivyo huenezwa kwa mate, wala si kwa mbu. Kosa la mbu ni kuleta malaria, nayo ikirudi mara kwa mara huudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto. Mshukiwa alikuwa ndiye. Kosa lake ndilo lililokuwa jingine.

Faida haikuwa ya vitabuni tu. Kisu hakikuwa kimewaokoa watoto wale, na wengi walikufa katika muda wa miezi michache. Burkitt aliwajaribia dawa, na baadhi yao wakapona kabisa.

Alifariki Uingereza mwaka 1993. Askari mpelelezi na tabibu wana mtego mmoja unaowangoja: kumkamata mshukiwa wa kwanza na kulifunga jalada. Burkitt aliliacha jalada wazi, na kwa sababu hiyo wako watoto walioishi.