Mwenda Jean Bosco na Gitaa la Vidole Viwili

Kwetu Kasongo, wazee wakisikia gitaa likipigwa bila umeme, jina la kwanza linalowatoka ni Bosco. Baba yangu mdogo alirudi kutoka Likasi na gitaa lenye nyuzi tano. Wa sita ulikatika ndani ya treni ya Kindu. Kwa hizo tano alijaribu miaka mingi kupiga Masanga, asiweze. Mpaka leo sijui kama kosa lilikuwa la uzi au la vidole.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, katika watu wa Bayeke. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa Msiri, aliyeuawa mwaka 1891. Bayeke walitoka Unyamwezi wakifuata biashara, na njia hizo za misafara ni ndugu wa zile zilizoleta Waungwana Kasongo na Kabambare. Kwa hiyo mimi wa Maniema simhesabu kuwa mgeni: Kiswahili chake na Kingwana chetu vilipita bara lilelile, kimoja kwa mlango wa kusini, kingine kwa mlango wetu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta akipiga gitaa barabarani Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi. Alimrekodi, na Masanga ikapata tuzo ya Osborn. Santuri zake zikauzwa mbali kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa amesafiri.

Sasa niseme juu ya mkono wenyewe, maana hapo ndipo penye utamu. Mkono wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nzito na kutembea bila kuchoka. Cha shahada kiliimba juu yake, mara kikitangulia, mara kikichelewa. Asiyemwona huapa kwamba wapigaji ni wawili. David Rycroft aliandika nota zake moja moja katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ukizitazama karatasini unaelewa kwa nini baba mdogo alishindwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, ambako gitaa lake liliajiriwa kutangaza dawa ya Aspro. Wakenya waliopiga gitaa la vidole baada yake walimsikiliza vizuri. Mwaka 1969 alipiga Newport, Marekani, katika tamasha la muziki wa asili, mbele ya watu waliozoea banjo na magitaa ya kwao. Mobutu alipokataza majina ya Kizungu, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke, na kwa jina hilo alirekodi albamu Cape Town mwaka 1988. Miaka miwili baadaye ajali ya gari ikamuua.

Katikati ya safari hizo kuna miaka mirefu ya kimya, ya kazi za kawaida na familia. Wasifu mwingi huiruka, nami naiacha vivyo hivyo, ingawa nadhani ndiyo iliyomlisha.

Nilipoingia kitivo hiki nilikuwa nimetoka shule ambako mwalimu mmoja alinikatia alama kwa kuandika bintu badala ya vitu. Alisema hicho si Kiswahili. Sikumjibu, mkubwa hajibiwi. Lakini Bosco aliimba kwa Kiswahili cha migodini, bila kukipeleka kwanza Unguja kisafishwe, na watu wa Nairobi walinunua santuri zake. Tunasoma tenzi za Pwani hapa, na ni haki. Mashairi ya Katanga sijayaona kwenye ratiba hata muhula mmoja. Mwaka huu nimeomba kuandika tasnifu yangu juu ya nyimbo zake, na mhadhiri wangu ameniuliza nitazipataje santuri. Nimemwambia nitaanzia Kasongo, kwenye sanduku la baba mdogo.