Kanali Meinertzhagen: Chawa wa Ndege na Vielelezo vya Uongo

Wapiganaji na askari polisi wenzetu, leo tunawaletea maisha ya mwanajeshi ambaye Afrika Mashariki inamkumbuka kwa damu, na wataalamu wa wanyama wanamkumbuka kwa ndege na chawa wao. Huyo ni Kanali Richard Meinertzhagen wa Uingereza.

Alizaliwa London tarehe 3 Machi, 1878, katika ukoo wa wenye benki. Mwaka 1902 alifika katika nchi ambayo sasa ni Kenya, akitumika katika King's African Rifles. Mwaka 1904 nguruwe mkubwa wa msituni alipewa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyepeleka London vielelezo vya mnyama huyo. Lakini tarehe 19 Oktoba, 1905, alimpiga risasi na kumwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa amani. Mabaraza ya uchunguzi yalimwondolea hatia, ila mwaka 1906 akaondoshwa nchini. Alirudi mwaka 1914 akiwa ofisa wa upelelezi, akashuhudia Waingereza wakishindwa Tanga.

Alipoacha jeshi alijitia katika elimu ya ndege. Pamoja na bibi mtaalamu Theresa Clay, alikusanya chawa wa ndege katika safari nyingi. Mdudu huyo si wa kudharauliwa. Hana mabawa, mwili wake ni bapa, na wengi wao hutafuna manyoya kwa taya badala ya kunyonya damu. Hadubini ya elektroni ya kuonyesha sura ya nje ya vitu ilianza kuuzwa mwaka 1965. Kwa hiyo leo taya hizo, kucha mbili katika kila mguu na vinyweleo vyake huonekana wazi kabisa. Chawa wa bawani ni mrefu na mwembamba, apate kujipenyeza kati ya nyuzi za unyoya ndege asimdonoe. Chawa wa kichwani ni mfupi na mnene, maana mdomo wa ndege haufiki kichwani pake mwenyewe.

Tena aina nyingi za chawa hukaa kwa ndege wa aina moja tu, au wachache walio jamaa. Ndiyo sababu chawa asiye na maelezo ya kweli, katolewa kwa ndege gani, wapi na lini, hana thamani kwa mtaalamu, kama vile bunduki isiyojulikana ilikookotwa isivyo na thamani mahakamani.

Hapo ndipo heshima ya Kanali ilipoanguka. Alikuwa amewahi kufungiwa kwa muda chumba cha ndege cha jumba la makumbusho la London kwa kuchukua vielelezo bila idhini. Alifariki tarehe 17 Juni, 1967, akiwa na sifa kubwa. Mwaka 1993 Alan Knox alitoa ushahidi wa udanganyifu katika ngozi zake za ndege. Baadaye Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walizipiga eksirei, wakapima mshono na pamba iliyojazwa ndani, wakabaini kwamba nyingi ziliibwa na kuandikiwa maelezo mapya.

Mojawapo ilikuwa ya bundi mdogo wa India. Kanali aliandika kuwa alimpata Gujarat mwaka 1914. Kumbe ngozi ilitayarishwa na James Davidson katika miaka ya 1880. Rasmussen na wenzake waliyatupa maelezo hayo ya uongo, wakafuata yaliyo ya kweli, na mwezi Novemba 1997 wakamwona bundi huyo akiwa hai katika jimbo la Maharashtra. Hakuwa ameonekana kwa uhakika tangu mwaka 1884. Wangalimwamini Kanali, wangalimtafuta mahali asipokuwapo.

Nasi tunaoandika ripoti za doria na hati za vielelezo tulizingatie jambo hili. Uongo wa mstari mmoja huwapoteza watakaotufuata, na cheo cha mwandishi hakiugeuzi kuwa kweli.