Sayyid Barghash bin Said na Maji ya Chemchem

Marehemu Sayyid Barghash bin Said alikuwa Sultani wa Unguja tangu mwaka wa 1870 hata 1888. Enzi yake ilifika kaskazini hata Kismayu na kupita, na visiwa vya Wabajuni, kikiwemo kisiwa cha Kudha, vilikuwa chini ya bendera yake nyekundu. Kwa hiyo habari zake si za watu wa Unguja peke yao.

Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alifariki baharini mwaka wa 1856. Barghash alitamani ufalme, na mwaka wa 1859 akamwasi ndugu yake Sayyid Majid. Alishindwa, akapelekwa Bombay, akakaa huko kama miaka miwili. Ndiyo siku zile mji huo ulipoanza kuletewa maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar, na haielekei kwamba mtu mwenye macho kama yake alipita bila ya kuliangalia jambo hilo.

Alipokalia kiti mwezi wa Oktoba 1870, mji wa Unguja ulikuwa ndio kwanza umetoka katika msiba wa kipindupindu kilichoua maelfu ya watu. Maji ya kunywa yalikuwa ya visima vya mjini, na vingine vilikuwa jirani na vyoo na makaburi. Aprili 1872 tufani ikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu. Juni 1873 soko la watumwa likafungwa kwa mkataba na Waingereza. Mwaka wa 1875 majeshi ya Misri yakaiteka Kismayu, na baada ya muda mfupi yakaamriwa kuondoka.

Hata hivyo hazina ilijaa tena, na Sayyid Barghash akapenda kujenga. Akajenga Chukwani, akajenga Maruhubi kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake, na mwaka wa 1883 Beit al-Ajaib ikasimama mbele ya bahari, kwa nguzo za chuma na milango ya nakshi, nyumba ya sherehe zaidi kuliko ya kukaa.

Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyeyaleta mjini maji safi ya Chemchem, kutoka kaskazini ya mji, kwa mfereji na mabomba. Mchukuzi, mtumwa na tajiri wakanywa maji ya namna moja. Katika kazi zake zote, hii ndiyo iliyomfikia asiyekuwa na ruhusa ya kukanyaga ngazi za jumba lake.

Fedha ya maji na fedha ya nakshi zilitoka katika sanduku moja: ushuru wa forodha za pwani nzima, karafuu, pembe za ndovu, na jasho la watumwa wa mashamba. Forodha ya Kismayu nayo ilitia sehemu yake. Mfereji wenyewe haukuvuka bahari; Kudha na visiwa jirani vyake havikuletewa bomba.

Sayyid Barghash alifariki mwezi wa Machi 1888, Mwenyezi Mungu amrehemu. Maruhubi iliungua mwaka wa 1899. Sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka tarehe 25 Disemba 2020, ikaua watu wawili.