Robert Koch, Tabibu Aliyetafuta Vidudu vya Maradhi

Katika mji mdogo wa Clausthal, milimani katika nchi ya Ujerumani, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 11 Desemba 1843, akaitwa Robert Koch. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za machimbo ya madini, na watoto katika nyumba ile walikuwa wengi. Tangu utoto wake alipenda kuokota mawe, majani na wadudu, na kuvitazama kwa kioo cha kukuzia. Alipokua akasoma utabibu katika chuo cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Alitamani sana kusafiri nchi za mbali, lakini alioa, na kisha akawekwa kuwa tabibu wa wilaya katika mji wa Wöllstein, mahali pa wakulima na kondoo.

Zamani hizo matabibu waliujua ugonjwa kwa dalili zake tu. Mtu akiwaka mwili walisema ana homa. Akikohoa damu na kukonda walisema ana kifua. Lakini homa ni nyingi, nazo hufanana kama mapacha; na mgonjwa aliyepewa jina la ugonjwa usio wake hupewa pia dawa isiyo yake. Wala tabibu hakuweza kusema kwa hakika nani atapona na nani atakufa. Wengi walidhani ya kuwa maradhi hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa.

Huko Wöllstein kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa kwa kimeta, na pengine wachungaji nao wakafa. Emmy, mkewe Koch, alikuwa amempa mumewe hadubini, ndicho chombo cha vioo kinachokuza vitu visivyoonekana kwa macho. Koch akatazama damu ya mnyama aliyekufa, akaona ndani yake vijiti vidogo sana. Watu wengine walikwisha kuviona kabla yake. Lakini je, vijiti hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au vilikuja baada yake, kama funza wajavyo katika mzoga? Hilo hakuna aliyelijua.

Koch hakuwa na chumba cha kazi. Aligawanya chumba chake cha kuagulia wagonjwa kwa pazia. Hakuwa na sindano nzuri. Alichonga vijiti vya mti. Akachovya kijiti katika damu yenye kimeta, akamchoma panya mdogo. Kesho yake panya amekufa, na damu yake imejaa vijiti vile vile. Akatoa damu hiyo akampa panya wa pili, kisha wa tatu, hata akapita ishirini, na kila mmoja akafa kwa namna moja. Bado hakuridhika. Akaotesha vidudu vile katika maji ya jicho la ng'ombe, mbali kabisa na damu, akaviona vikirefuka na kugeuka kuwa mbegu ngumu. Mbegu hizo huweza kukaa udongoni miaka mingi, na kwa hiyo yako malisho ambayo kila kundi lililochungwa hapo lilipotea. Mwaka 1876 akafunga safari mpaka Breslau, kwa mwalimu mkubwa wa mimea, Ferdinand Cohn, akawaonyesha wataalamu wa huko kazi yake yote. Aliingia mjini akiwa tabibu wa shamba asiyejulikana. Alipotoka jina lake lilikuwa limeanza kusambaa.

Mwaka 1880 akaitwa Berlin, akapewa chumba cha kazi na wasaidizi. Hapo alitazama kipande cha kiazi kilichopikwa na kuachwa wazi, akaona juu yake madoa ya rangi mbalimbali. Kila doa lilikuwa kabila moja la vidudu, halikuchanganyika na jingine. Jambo hilo ni dogo, na wapishi wengi walikwisha kuliona na kutupa kiazi. Lakini kwalo Koch alipata njia ya kuvitenga vidudu, kila kabila peke yake.

Kisha akakielekea kifua kikuu, ugonjwa ambao siku hizo ulihesabiwa kuua mtu mmoja katika kila 7 waliokufa. Vidudu vyake ni vyembamba, havishiki rangi upesi, na vikipandwa hukawia majuma mengi bila kuonekana. Mtu mwingine angevitupa akidhani havikuota. Koch alingoja. Tarehe 24 Machi 1882 akasimama mbele ya matabibu wa Berlin akawaeleza habari yote, na siku hiyo ya Machi hata leo hukumbukwa duniani kuwa siku ya kifua kikuu. Tangu hapo tabibu aliweza kuchukua makohozi ya mgonjwa, kuyatia rangi, na kujua kwa kuona, si kwa kukisia. Mwaka uliofuata akaenda Misri, na kisha Kalkuta katika Bara Hindi, akapata kidudu cha kipindupindu katika maji ya birika ambamo watu walioga, wakafua, na kunywa.

Hapo sifa zikampanda. Mwaka 1890 alitangaza ya kuwa amepata dawa ya kuzuia kifua kikuu, akaiita tuberkulini, wala hakueleza imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila nchi. Lakini dawa haikuponya. Wengine walizidiwa, wengine wakafa. Ilikuwa haraka isiyofaa, hasa kwa mtu aliyewafundisha wenzake kungoja. Hata hivyo tuberkulini haikupotea bure. Watu wengine waliona baadaye ya kuwa ikitiwa kidogo tu ndani ya ngozi, mahali pale huvimba kwa mtu aliyeingiwa na vidudu vya kifua kikuu. Basi dawa iliyoshindwa kuponya ikawa kipimo cha kutambua, na kipimo hicho kinatumika mpaka leo.

Hamu yake ya utoto ya kusafiri ilimleta pwani yetu. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, wakati nchi ilipotawaliwa na Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Akapima damu za wagonjwa wa homa, akitafuta vidudu vya malaria. Alipokwenda milima ya Usambara alisikia ya kuwa watu wa huko, wakishuka bondeni, hurudi na ugonjwa waliouita mbu, kwa jina la mdudu aliyewauma. Mwaka huo huo, huko India, Ronald Ross aliona kidudu cha malaria ndani ya mbu. Watu wa Usambara hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na macho.

Hata Newala na Masasi wanajua jinsi homa zinavyodanganya. Miaka ya 1952 na 1953, muda mrefu baada ya Koch, uliingia katika uwanda wa Makonde ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo hata mtu akajikunja. Matabibu Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuchunguza. Uwanda ule una shida ya maji, na watu huyaweka majumbani. Humo mbu walizaliana. Katika damu ya wagonjwa kikapatikana kirusi kilicho kidogo kupita kidudu cho chote alichokiona Koch, na ugonjwa ukaitwa kwa neno la Kimakonde, chikungunya. Jina hilo sasa hutajwa na matabibu wa dunia nzima.

Koch akarudi tena mwaka 1905. Mwaka huo wazee wa Masasi waliukumbuka kwa Vita vya Maji Maji na kuchomwa kwa misheni yao. Yeye alipita njia za misafara kwenda bara, akichimba vumbi la sakafu katika vibanda vya kulalia wapagazi. Humo akakamata papasi, akawapasua, akaona katika matumbo na mayai yao vidudu vya homa inayorudi-rudi. Mwishoni mwa mwaka ule ule akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Safari iliyomlemea kuliko zote ilikuwa ya malale. Ugonjwa huo, uletwao na mbung'o, ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 Koch alikaa katika visiwa vya Sese, Uganda. Wagonjwa walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa. Alitoa maji kidogo katika matezi ya shingo, akatafuta vidudu, kisha akawachoma sindano ya atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Vidudu vilitoweka katika matezi, na walioletwa wakibebwa wakaanza kutembea. Koch akaona amepata. Lakini baada ya miezi vidudu vilirudi, maana vilikuwa vimejificha mahali pengine mwilini, na ugonjwa ukisha kuingia katika ubongo dawa ile haikuufikia. Basi akazidisha kipimo cha dawa. Wagonjwa walilalamika kwa maumivu, wengine wakatoroka, na zaidi ya watu 20 wakapofuka kabisa. Ndipo akaacha kuzidisha. Watu wale hawakuulizwa kama wanakubali kujaribiwa. Kazi ya namna hiyo leo hairuhusiwi.

Mwaka 1907 alirudi kwao, naye amechoka. Tarehe 27 Mei 1910 alikufa kwa ugonjwa wa moyo katika mji wa Baden-Baden, umri wake miaka 66. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakawekwa Berlin, katika nyumba ya uchunguzi wa maradhi inayoitwa kwa jina lake. Mtoto wa Lupaso akipelekwa zahanati kwa ajili ya homa, mganga humchoma kidole kwanza, akapata tone la damu, akalipima kabla hajafungua kabati la dawa.